Chaguo la Saa Lilivyokwama kwenye Ofisi Nne

Napenda kuutangazia umma kwamba Idara ya Upitishaji wa Machaguo, ambayo mimi ndiye Mkurugenzi wake, haijawahi kupoteza chaguo hata moja. Yapo tu ambayo bado hayajafika.

Idara yetu inasimamia programu inayowatumia wagonjwa ujumbe wa simu, kuwajulisha saa ya kumwona daktari. Programu hiyo hujengwa na skripti nne, yaani maandishi ya amri yanayofuatwa na kompyuta. Ya kwanza huiita ya pili, ya pili huiita ya tatu, hadi ya nne. Kila skripti ina ofisi yake na mkuu wake, na chaguo, yaani neno la kuiagiza programu ifanye kazi vipi, haliendi mbele bila sahihi ya mkuu huyo.

Siku moja akaja Fundi, binti mpole anayeziandika skripti hizo.

"Mkurugenzi, ujumbe unasema 'Fika saa 8', kwa saa za kizungu. Watu wanafika saa nane mchana. Daktari anamaliza saa sita."

"Lakini wanafika kwa wakati?"

"Kwa wakati, ndiyo. Wanakuta mlango umefungwa. Shangazi yangu ameshakwenda mara tatu na jicho linazidi kuziba."

Nikampa pole kwa niaba ya Idara.

"Ni neno moja tu," akasema. "Nikiweka chaguo la saa za Kiswahili kwenye skripti ya kwanza, zote zikalipokezana hadi ya nne, yamekwisha."

Nikamweleza kwamba neno moja ni jambo zito. Maneno elfu yangepita kirahisi, maana hakuna ambaye angeyasoma. Akajaza fomu.

Mkuu wa kwanza akasema kazi yake ni kupokea, si kupitisha. Wa pili akasema hawezi kupitisha asichopokea. Wa tatu alikuwa kwenye semina ya kuharakisha upitishaji. Mimi, wa nne, nilikuwa tayari. Kalamu ilikuwa mezani. Baada ya wiki tatu Fundi akaacha kuuliza, na malalamiko ya wagonjwa yakakoma. Nikaandika kwenye ripoti kwamba utaratibu umeleta matunda.

Kisha jino likanishika. Ujumbe ukaja: Fika saa 8. Kwa kuwa ripoti yangu ilisema tatizo limekwisha, nilifika saa nane mchana, suti mwilini, shavu limevimba kama andazi.

Ukumbi wa hospitali ulikuwa karibu mtupu. Kwenye benchi walikaa wale wakuu wenzangu watatu, kila mmoja na maumivu yake.

"Daktari ameondoka, mzee wangu," muuguzi akasema. "Wagonjwa walikwisha saa tano."

"Walijuaje kuja asubuhi?"

"Si mnawaandikia? Saa mbili asubuhi."

Nikampigia Fundi.

"Lile chaguo naliingiza kwa mkono, moja kwa moja kwenye skripti ya nne, kila ninapojenga programu ya wagonjwa," akasema. "Shangazi ameshatibiwa, anawasalimu."

"Mbona sisi hatukupata?"

"Programu ya kuwatumia maofisa ujumbe inajengwa peke yake, Mkurugenzi. Waraka wako unasema isiguswe bila sahihi nne. Nimeuheshimu."

Tulikuwa wanne, akidi imetimia, nikafungua kikao palepale. Mkuu wa kwanza akauliza fomu iko wapi. Wa pili akaomba muda wa kutafakari. Wa tatu alikuwa amesinzia.

Mfagiaji akafika na ndoo yake, akatuomba tuinue miguu. Hilo lilipita bila kupingwa.