Beringi ya Nne

Jumamosi, 30 Agosti
Beringi ya tatu imekufa. Ya tatu tangu Julai! Gurudumu lile lile, la mbele kushoto. Mzunguko wa sita wa mazoezi ya mbio za magari, kwenye ile kona ndefu ya kulia, lilianza kunguruma, na usukani ukatapatapa mikononi mwangu kama kuku aliyekamatwa. Nikarudi mwendo wa jongoo. Kila mtu akanipita, hata Igshaan, kaka yake mke wangu Mymoena, asiyeweza kubadili gia bila kutoa ulimi.

Alinisubiri getini na mkate wake mrefu uliojaa chipsi. Akaniambia, huku anatafuna, kwamba uwanja huu karibu kona zote ni za kulia, kwa hiyo uzito wote hulalia kushoto. Nitazame nimefunga nini upande huo. Nikamwambia atazame mkate wake.

Tatizo nalijua. Bwana Pillay wa vipuri ameniuzia beringi bandia.

Jumatatu, 1 Septemba
Nimefunga duka langu la ushonaji saa sita, nikaenda kwa Pillay na beringi iliyokufa ndani ya kopo la siagi la Mymoena. Nilingoja duka lijae. Nikaibwaga juu ya kaunta, nikatangaza kwamba humu watu wanauziwa takataka.

Pillay akavaa miwani. Akaigeuza. Akanionyesha makovu kwenye pete ya ndani, alama za nyundo, akauliza nani aliyeipachika. Nikasema fundi. Fundi gani? Nikasema mtu mwenye uzoefu. Mzee mmoja kwenye foleni, ambaye nilimshonea mwanawe suti ya harusi, akasema, "Si wewe mwenyewe, Ganief? Mtaa mzima tulikusikia ukigonga."

Wamecheka mpaka nje. Nimenunua nyingine hapo hapo, kwa hasira. Mymoena naye kanuna. Eti kopo linanuka grisi.

Jumatano, 3 Septemba
Nimepachika ya nne. Ajabu yake, zile za mwanzo zilidai nyundo. Hii imeingia kwa kidole gumba tu. Dalili njema!

Ilhaam, binti yangu, akarudi kutoka karakana ya reli, ambako kutwa nzima anafunga beringi za vichwa vya treni. Akasimama mlangoni, akauliza mbona imeingia kirahisi hivyo. Haitakiwi. Akataka kupima tundu inamokaa. Nikamwambia treni ni treni. Kisha akaiona spana ya kupimia ukazaji wa nati, zawadi yake kwangu ya Idi, bado imo kwenye nailoni yake.

"Baba, suruali ya mtu unaipima mara tatu," akasema. "Nati ya gurudumu unaikisia?"

Miaka thelathini na moja nakata makoti. Mkono huu unajua kilichokaza na kilicholegea. Tena nimechora mstari kwenye nati kwa rangi ya kucha ya Mymoena. Mtu akiigusa, nitajua. Namshuku Igshaan.

Ijumaa, 5 Septemba
Mstari umehama! Nusu iko kwenye nati, nusu imebaki nyuma. Nimempata mhujumu!

Baada ya swala nikamkabili Igshaan hapo hapo penye viatu mlangoni mwa msikiti, mbele ya watu. Aliendelea kufunga kamba zake. Akauliza kama gari limetembea tangu nichore. Nikasema kidogo tu: kununua mkate, na kwenda kwa mama yake. Basi, akasema, nati imejilegeza yenyewe kwa sababu haikukazwa vya kutosha. "Shemeji, mimi mvivu. Nikitaka kukushinda nitakushinda uwanjani. Nije kulala chini ya gari lako kutafuta nini?"

Watu wakaona ana hoja. Watu hawana akili. Nimerudi nyumbani nikaikaza mpaka mshipa wa shingo ukanisimama.

Jumamosi, 6 Septemba
Naandika kwa shida. Ilhaam aliomba kukaa pembeni yangu mazoezini, aisikilize beringi. Nilifurahi. Nikasema leo ataona.

Mzunguko wa nne, kona ile ile. Gurudumu likatoka. Nililiona likitutangulia, linadundadunda. Gari likakaa kwa tumbo, likapiga yowe la chuma, likazama kwenye mchanga hatua nne kabla ya ukuta.

Ilhaam hakupiga kelele. Aliniuliza kama nimeumia. Kisha akajaribu kufungua mkanda wake, vidole vikakataa. Nikamfungulia. Ana miaka ishirini na minne, na mkono wake ulikuwa baridi kama wa mtoto aliyetolewa majini. Mymoena alikuja mbio kutoka jukwaani bila viatu. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Nina hasira na sijui nimpe nani.

Jumapili, 7 Septemba
Igshaan kaja asubuhi, kala koesista zangu sita, maandazi yangu ya shira, na nazi yake yote. Halafu yeye na Ilhaam wakalifumua gurudumu. Mimi nilipewa kigoda na amri ya kukaa.

Tundu limepanuka kwa nyundo yangu. Beringi ilikuwa inaogelea. Nati haikuwahi kufika kipimo, shingo isimame isisimame. Na nyuma ya gurudumu wakakuta vipande vya chuma, vinene vidole viwili, nilivyotia Julai ili matairi yachomoze kama mabega ya koti zuri. Ilhaam akaeleza kwamba kadiri gurudumu linavyosimama mbali, ndivyo linavyoing'oa beringi kwa nguvu ya mtaimbo.

"Kimoja tu kingetosha kuiua," akasema. "Wewe ulitia vyote vitatu, Baba."

Nikasema gari lilipendeza. Mymoena akavichukua vile vipande, akavitia kwenye pipa la taka, akakaa juu ya kifuniko.

Jumamosi, 13 Septemba
Siku ya mashindano. Igshaan alileta chuma kingine cha kukalia beringi, ambacho tundu lake halijapanuka. Ilhaam akaishindilia beringi kwa mashine huko karakana, nati akaipima mara mbili. Akaendesha yeye. Mimi nimezuiwa na mahakama ya Mymoena.

Mizunguko kumi na miwili. Kimya kitupu! Ilhaam wa nne, na Igshaan wa tano. Nililia kidogo. Vumbi.

Watu walipouliza siri, nikawaambia ulikuwa uchunguzi mrefu lakini hatimaye nimeigundua. Igshaan akapaliwa na chai.

Jumapili, 14 Septemba
Breki inatetema mguuni. Kidogo sana, masikio ya kawaida yasingeisikia. Nimeshajua: diski bandia, na nimeshajua ni nani aliyeziuza. Ilhaam yuko kwa bibi yake. Kaacha neno nisiguse chochote mpaka arudi.

Sijagusa. Nimefungua tu.