Ubao wa Rangi Thelathini

Jumatatu, 3 Machi
Leo, baada ya sala ya asubuhi, nimemaliza ugomvi wa rangi duniani. Tuseme, katika duka langu la kuchapa. Kompyuta tatu, kila moja na rangi yake ya chungwa! Mteja anaona njano kwenye skrini, karatasi inatoka kama kutu, lawama kwangu. Basi. Nimezima marekebisho yote ya rangi, ya kompyuta na ya printa. Nimechapa miraba thelathini kwenye karatasi moja, kila mmoja na namba yake, nikaibana ubaoni kwa kibanio kimoja kikubwa pembeni. Mteja haangalii skrini tena. Anataja namba, nabonyeza namba, inatoka ileile. Leo, kesho, mtondogoo. Mimi niliyeishia darasa la saba! Nimemwomba Mungu anipe unyenyekevu. Bado sijaupata.

Jumanne, 4 Machi
Nimetundika ubao dirishani, jua linapopiga asubuhi hadi alasiri. Taa haifichwi uvunguni. Mke wangu akanikumbusha kwamba hata pazia letu lilikuwa bluu lilipowekwa pale. Nimemweleza kwa upole kuwa pazia halina namba. Jirani yangu fundi mihuri, tunamwita Stempu, alikuja kuuchungulia. Akaguna. Wivu mtupu.

Jumatano, 9 Aprili
Dada yangu kaja na binti yake, bibi harusi wetu. Kadi mia mbili za mwaliko ni zawadi yangu, mjomba mtu. Sharti moja: zifanane na kitambaa cha wasimamizi, waridi hafifu. Dada alitaka kazi apewe Stempu. Akasema wazi kwamba nikiharibu, siku ya harusi nitakaa nyuma kabisa, karibu na jenereta. Nikawasimamisha mbele ya ubao. Mpwa wangu akapitisha kitambaa mraba kwa mraba. Namba kumi na nne! Pacha. Nilikuwa nimesahau kama ninayo waridi nzuri hivyo. Mungu huzidisha. Mpwa akauliza kama tungejaribu moja kwanza. Nikacheka. Anayejaribu ni yule asiyejua kitakachotoka.

Alhamisi, 10 Aprili
Nimechapa zote bila kuchungulia. Zimetoka rangi ya damu ya mzee. Mia mbili, na hakuna iliyopishana na mwenzake hata chembe! Kwa kufanana tu, niseme kweli, nilijivunia. Dada akafungua boksi, akainua kadi moja.
"Kaka, hii ni harusi au matanga?"
Mpwa akageukia ukutani, mabega yakitikisika. Huyu nilimbeba mgongoni.

Ijumaa, 11 Aprili
Mke wangu amekaa na mpwa kwenye kompyuta, kitambaa mkononi. Wanachapa moja, wanaipeleka mlangoni kwenye mwanga, wanarudi, wanapunguza wekundu. Mara tano. Ya sita ikakaa. Njia ya kubahatisha, haina mpango wowote, lakini kadi zimepatikana. Mpwa akanishika mkono. "Mjomba, kiti chako kiko mbele. Ila usiguse kitu."
Nimetoa machozi kidogo. Ya vumbi.

Kisha Stempu, aliyekuja tena kuchungulia, akaushusha ubao, akachomoa kibanio. Chini yake, ukingo wa namba kumi na nne ulikuwa damu ya mzee, mbichi kama siku ya kwanza! Kwingine kote, waridi. Akanitazama kama mwalimu anayengoja jibu. Mke wangu naye akanitazama, kisha akalitazama dirisha. Nikang'amua jibu papo hapo. Sikuwaambia.

Jumatatu, 14 Aprili
Ubao mpya tayari. Miraba sitini. Kumbe siri yote ni kibanio: kinashika rangi isitoroke. Ule wa kwanza ulikuwa na kimoja tu. Uzembe wangu, nakiri mbele za Mungu. Huu una vibanio ishirini. Nimeutundika palepale dirishani, rangi zionekane vizuri. Stempu kaja, kautazama, kaondoka bila neno. Ameshindwa.

Pazia la mke wangu nalo nimelibana mara mbili. Nangoja lirudi bluu.