Sahani ya Idd Inangoja Ndege Isiyotoa Moshi

Masese, Jinja

Kwako mwanangu Injinia Sebit, mchoraji wa matangi ya baridi huko Ujerumani,

Assalam alaikum. Sisi wazima, alhamdulillahi, isipokuwa malalamiko haya machache, ambayo naandika kwa heshima zote.

1. Umeapa hutapanda ndege inayochafua hewa ya Mungu. Utarudi siku ile ndege yako ya haidrojeni itakaporuka. Mashallah, msimamo mzuri. Mama yako, dada yangu, ana miaka sabini. Kila Idd anakuwekea sahani ya gurusa, ile mikate yetu myembamba, anaifunika kwa kawa la kusuka. Nzi wanaijua sahani hiyo kuliko wewe.

2. Unasema haidrojeni lazima ikae digrii mia mbili hamsini na tatu chini ya barafu, la sivyo inachemka na kutoroka. Mwanangu, hapa mwaloni barafu ya samaki haifiki saa sita mchana. Nawe unataka tungoje yako ifike Entebbe.

3. Tangi lako liko ndani ya tangi lingine, na katikati hakuna kitu, hata hewa. Eti utupu ndio unaozuia joto. Basi nyumba yetu ilikuwa ya kisayansi. Tuliporudi kutoka Sudan baada ya vita tulikuta utupu mtupu, hata milango ilishakwenda. Joto liliingia vizuri tu.

4. Hili ndilo linaloniuma. Mwaka ule wa sabini na tisa, tulipokimbia vita kwenda Sudan, mama yako alikufunga mgongoni akapanda lori la jeshi linalotoa moshi mweusi kuliko chungu. Hakumwuliza dereva, "Afande, hili ni safi?" Angengoja lori safi, leo nani angechora matangi?

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu: panda ya moshi mara moja tu. Dhambi yake niandikiwe mimi, nitafunga sunna.

Wasalimu wote kazini, hata bosi. Huku Bwana Shashikant wa dukani na jirani Topista wanakusalimu.

Mimi mama yako mdogo,
Hajara

Tanbihi: Nilipokwenda kumsomea mama yako barua hii, nilikuta amefuata mchoro uliomtumia: sanduku la bati ndani ya sanduku, katikati ameshindilia maganda ya kahawa, maana utupu hauuzwi hapa. Jana barafu iliondoka Masese baada ya alfajiri ikafika mjini Mbale alasiri bado ngumu, na wauza samaki wa huko Nabuyonga nao wanataka masanduku kama hayo. Mama yako anasema usije kwanza. Mfuniko wetu unavujisha baridi. Maliza wa kwako, kisha utuchoree. Kwa sasa ameukandamiza kwa sahani yako ya Idd, ameijaza mawe.