Kwa Nini Watoto wa Nasari Hawasemi

Jumatatu, 12 Mei

Mvua tangu mchana. Habari mbaya kutoka kanisani. Mama Priscah, mwenyekiti wa kamati, alinisimamisha langoni akasema nasari siku hizi ni kimya kama kaburi. Kisha akashika mdomo. Akasema pole, Baba Chemutai, hakumaanisha kaburi. Nikasema haidhuru.

Jambo lenyewe ni hili. Jumapili baada ya ibada kamati itakuja kuwasikiliza watoto. Wasiposema, chumba na watoto anapewa Mwalimu Christabel, yule mke wa fundi wa kiwanda cha chai, aliyetoka upande wa ziwa. Ana cheti. Mimi sina. Mimi nilishika tu nafasi ya marehemu mke wangu, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua ufunguo unakaa wapi.

Phyllis alifundisha chumba kile mpaka wiki aliyolazwa. Leso yake bado iko kwenye msumari nyuma ya mlango. Christabel akiingia ataitoa atundike chati. Leso haitoki!

Lakini kwa nini hawasemi? Leo nimewasimulia hadithi ya fisi asubuhi yote bila kupumzika. Nikaeleza anakula nini na kwa nini anachechemea. Nikauliza maswali, na ili wasipate taabu nikajibu mwenyewe. Kimya. Kipyegon alilala. Cheptoo, ambaye zamani alikaa mapajani mwa Phyllis akimpa habari zote za kuku wa kwao, alinitazama tu. Tangu mazishi hajatoa neno darasani.

Sielewi. Kesho nitaongeza hadithi.

Jumanne, 13 Mei

Nilipita nyuma ya ua wa Christabel. (Nikiulizwa, natafuta ndama.) Ana watoto wachache hapo kwake, na wanapiga kelele kama soko la Siongiroi. Wanachezea simu ya mikebe miwili na uzi. Na yeye? Anamenya viazi! Mwalimu mwenye cheti! Mtoto akimwambia kitu anainua kichwa, anasema "enhe?", anarudi kwenye kiazi.

Phyllis naye alikuwa akiambua maharagwe darasani. Nilidhani siku zote amechelewa na chakula cha jioni.

Basi nikatengeneza simu kubwa zaidi. Mikebe mitupu ya rangi ya kupaka mabati, kamba kutoka darasani mpaka zizini kwangu. Watoto upande ule, mimi upande huu. Nikawaeleza faida za ng'ombe: maziwa, mursik yetu ya kugandisha kibuyuni, samadi, mahari. Nilieleza vizuri sana. Hakuna aliyejibu. Nilipotoka nikakuta mbuzi wa jirani yangu Mokaya ameikata kamba katikati na anaendelea kuila. Watoto wote wamemzunguka wakisema kwa pamoja. Kipyegon anamgombeza, mwingine anamtetea kwamba hakupewa chakula asubuhi.

Waliponiona wakanyamaza. Ajabu sana.

Jumatano, 14 Mei

Nimefungua kisanduku cha Phyllis. Vifuniko vya soda, vibao, na ile soksi yake ya kijani yenye jicho moja la kifungo. Aliivaa mkononi. Soksi ilimnong'oneza sikioni, naye akawauliza watoto, "Jamani, anasema nini huyu?" Nao wakajibu, kila mmoja lake. Niliona ni upungufu. Kwa nini soksi isiseme yenyewe?

Kwa hiyo leo soksi imesema. Imesema kuhusu kunawa mikono, kuhusu heshima, kuhusu mvua ya mawe na hasara yake kwa chai. Nilijaribu sauti ya Phyllis, ikakataa kutoka. Ikatoka ya mzee wa kanisa.

Katikati ya mafundisho Cheptoo akasimama, akaivua soksi mkononi mwangu taratibu, akaitia mfukoni mwa sweta yake, akarudi kukaa.  Nami sikumnyang'anya. Sijui nilipaswa kufanya nini.

Alhamisi, 15 Mei

Wazo kubwa! Kabla ya kustaafu nilikuwa karani wa majani kwenye kituo cha kununulia chai. Watoto wote hawa wamekua migongoni mwa mama zao kwenye foleni ya kupima chai. Wanajua mchezo huo kuliko fisi. Nikatundika mizani ya zamani mlangoni, nikaweka meza ya kumwagia majani, nikawapa vikapu. Kila mtoto alete majani, aseme jina lake na amechuma nini. Karani akague: majani mawili na chipukizi, magumu yatupwe.

Karani nilikuwa mimi. Wachumaji walikawia kujibu, na lori la kiwanda halisubiri mtu, kwa hiyo nikasema na sehemu zao pia. Mchezo ulikwenda haraka sana. Koo limeanza kukwaruza.

Jioni Christabel alipita na tangawizi kwenye karatasi. Akasema amesikia nikikohoa kutoka barabarani. Kisha akasema, kwa upole kabisa, "Mzee Kipkurui, hebu nyamaza kidogo uone." Mwanamke mjanja! Anataka ninyamaze ili nishindwe! Tangawizi nimeinywa. Kunyamaza, hapana.

Jumamosi, 17 Mei

Jana na leo nimewafanyisha mazoezi, nikipaza sauti juu ya mvua kwenye mabati. Saa kumi sauti ikakatika kabisa. Hata mnong'ono hakuna. Chemutai, binti yetu, alipiga simu kutoka Kabianga. Nikahema. Akauliza nani huyo, akasema ataita polisi. Nikakata.

Kesho ni kesho. Nimeigusa leso kabla ya kufunga mlango.

Jumapili, 18 Mei

Kamati ilikuja yote, Mama Priscah mbele, Christabel nyuma kabisa. Nikafungua mdomo. Hewa tupu. Nikaonyesha koo. Nikaonyesha mizani. Nikaonyesha vikapu, nikapunga mikono kama mtu anayefukuza nyuki.

Kipyegon akasema Babu anataka tucheze kituo. Mwingine akasema hapana, Babu anaumwa, apewe mursik. Wa tatu akasema mursik haitibu koo, nyanya yake alikunywa na bado anakoroma. Wakaanza kubishana. Wakagawana vikapu wakibishana, wakapanga foleni wakibishana, wakauliza nani ni karani.

Cheptoo akatoa soksi mfukoni, akaivaa, akaenda nyuma ya meza.

Mama Priscah, kwa kucheza, akajaza kikapu majani akajipanga kwenye foleni. Cheptoo akazamisha mkono mpaka chini kabisa ya kikapu, kama makarani wafanyavyo, akatoa jani gumu kama ngozi. Akalinyanyua kila mtu aone. "Mama, hii ni nini? Umeficha magumu chini, mazuri juu! Mwaga! Mwaga yote! Na usinicheleweshee lori!"

Chumba kizima kikacheka, maana kikapu cha Mama Priscah kinajulikana kituoni miaka mingi. Yeye mwenyewe akacheka akishika kitambaa cha kichwa.

Kisha soksi ikamnong'oneza Cheptoo sikioni. Akasikiliza. Akasema, "Kogo anasema basi, mpimieni tu. Amechoka na mvua."

Kogo ni nyanya. Ndivyo walivyomwita Phyllis.

Nilikwenda nyuma ya mlango kidogo, kunyoosha leso.

Kamati imeamua nasari inabaki kwangu. Mama Priscah akaniambia niendelee vivyo hivyo nilivyofanya leo. Christabel akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Umeona sasa, Mzee?" Nimeona nini? Sikuwa na sauti ya kumuuliza.

Jumatatu, 19 Mei

Sauti imerudi! Nimekesha nikifikiri, na sasa jambo liko wazi. Ile hadithi ya fisi ndiyo iliyofanya kazi. Ilichelewa tu kuingia, kama mbolea inavyongoja mvua. Na ikiwa kwa sauti yangu ndogo wamesema hivyo, kwa sauti kubwa je? Nimeazima spika ya kanisa, ile ya mikutano ya nje.

Nilipokuwa nikitafuta soketi Cheptoo alikuja mbio, soksi mkononi, akashika suruali yangu. Akasema, "Babu, Babu, kuku wetu jana…"

Nikamwambia asubiri kwanza akae. Nina hadithi ya fisi, naanza upya tangu mwanzo.