Jiko Nimelitoa Nje

Jumatatu, 3 Machi 2025
Darasa la Chemutai limetembelea nyumba ya kale ya wakulima wa huku ughaibuni, ya miaka mia nne na ushee. Kila mtoto atengeneze mfano wake. Utakaoshinda utawekwa sebuleni mle mle! Binti yangu hajawahi kuchaguliwa kwa lolote. Amelala ameikumbatia picha ya nyumba. Mama Gires wa ghorofa ya chini, ambaye mwanawe yuko darasa hilo hilo, ameshaanza kukusanya maboksi. Maboksi! Mimi nimesoma maelezo: kuta ni fito, udongo, nyasi kavu na mavi ya ng'ombe. Si ndiyo nyumba ya mama mkwe kule Bomet? Tumeshinda.

Jumatano, 5 Machi
Mavi nimeyaomba kwenye shamba la mifugo la mtaani. Nikayaweka kwenye kikapu cha chini cha kigari cha mtoto, kichanga wangu juu. Kwenye basi watu wote wakamtazama mtoto. Nami nikamtazama. Pole, mwanangu.

Alhamisi, 6 Machi
Kuta zinakauka kwenye hita. Mume wangu Kibet katoka kazini, akauliza nani kakanyaga nini. Mama Gires akapanda kuuliza kama siku hizi tunafuga. Nikamwambia dada, endelea na maboksi yako. Akacheka, akatuachia maandazi. Matamu, kwa bahati mbaya.

Ijumaa, 7 Machi
Leo nimeitazama picha vizuri. Mama yangu! Ghorofa ya juu imechomoza mbele kama tumbo, nguzo zimepinda, jiko liko katikati ya nyumba, watu wakohoe! Nimenyoosha nguzo kwa rula. Ghorofa nimeirudisha mstarini. Jiko nimelitoa nje, kama la watu wenye akili. Chemutai akasema, kwa Kiingereza chake, kwamba hii siyo waliyoiona. Nikamjibu ni ile ile, ila imelelewa. Akalale.

Jumatatu, 10 Machi
Gires kashinda. Maboksi yake yamepinda kila panapotakiwa. Mzee Douglas, mtunzaji wa nyumba, akaniambia kwa upole kwamba kuta zangu ndizo zenyewe, ila nyumba yao sifa yake ni huko kuchomoza na kupinda. Chemutai akauma mdomo. Nikamshika mkono, nikamnong'oneza kwamba kulia tutalia nyumbani, tena wote wawili. Mzee akaomba yetu aiweke uani. Kuku mmoja akaja mbio, akaingiza kichwa jikoni, akagoma kutoka. Chemutai alicheka mpaka kwikwi. Akawatangazia wenzake kwamba ya Gires haina kuku.

Jumanne, 11 Machi
Muhula ujao ni ngome ya mfalme. Nimeshaona picha. Mfereji wa maji, tena wa kina, kuizunguka nyumba yenye watoto! Hawa walilelewa na nani? Nimemwambia Chemutai asiwe na wasiwasi. Naufukia.