Tochi ya Leva Tatu na Nusu Mbele ya Mkaguzi Minko

Siku ya Ijumaa, tarehe ishirini na mbili Novemba, mwaka elfu mbili na kumi na tisa, ukungu ulishuka asubuhi kutoka mlimani ukaufunika mji wa Vratsa hadi madirishani, na manyunyu yakanyesha bila haraka. Sogeeni basi, enyi mpendao habari za mashujaa, zimeni redio, wekeni vijiko chini. Maana ndiyo siku ambayo Minko Tsenov alishuka gizani kupambana na tochi, na Mwenyezi Mungu, Muumba wa mianga yote mikubwa na midogo, akamstahimilia.

Huyu Minko, Simba wa Ghorofa ya Pili, Jicho Lisilodanganyika, alikitumikia kiwanda cha nguo miaka thelathini na mmoja, akigonga muhuri kwenye majora ya vitambaa: hili lipite, hili lirudi. Kiwanda kilifungwa, muhuri alibaki nao. Tangu hapo hakikuingia kitu nyumbani mwake bila kukaguliwa, kiwe samaki, kiatu, au hata mchumba wa binti yake, ambaye alipita kwa shida, daraja la pili.

Asubuhi hiyo mkewe Tsvetana aliweka juu ya meza ya jikoni tochi ndogo, haizidi kidole cha shahada, yenye betri moja.

"Nini hiki?" akanguruma shujaa.

"Tochi. Ya kushukia stoo."

"Leva tatu na nusu! Kwa bei hiyo, mwanamke, wamekuuzia gamba tupu, ndani hamna kitu."

"Basi lipige gamba muhuri wako, mkaguzi. Mimi nimechoka kukusikiliza ukijigonga kila pembe huko chini."

Maana taa ya stoo, kule chini ya jengo, ilikufa wakati wa Pasaka. Wakazi walikutana mara nne kuamua nani anunue balbu, na mara nne wakaahirisha kwa heshima kubwa. Katika giza hilo ndimo Minko alimoshuka kila siku ya pili kuhudumia kabichi zake za chumvi, zilizokuwa zikichacha pipani. Alifungua bomba la chini ya pipa, akakinga maji ya chumvi kwa ndoo, akayamimina tena juu yake, zisije zikaota kuvu. Hakuhitaji mwanga. Alihesabu mapipa ya wakazi kwa kiganja kutoka mlangoni: moja, mbili, la tatu langu. "Mikono yangu ina macho," alizoea kusema, hata kwa wasiomuuliza.

Na mwaka huu kabichi hizo hazikuwa kabichi tu. Mkesha wa Krismasi, wazazi wa yule mchumba wangekuja kutoka Ruse kwa mara ya kwanza, kula wali wa mfungo uliofungwa katika majani ya kabichi ya Minko. Alikuwa amekwisha kujisifu kwao kwa simu, nusu saa nzima.

Ukaguzi ukaanza. Akaibonyeza tochi mara mia, akihesabu kwa sauti kama anayepiga mizinga. Akaiangusha kutoka mezani, ikawaka. Akaizamisha katika glasi ya maji, ikawaka. Alipobonyeza mara mbili ikaanza kumetameta, naye akaruka nyuma kama aliyevamiwa.

"Ina wazimu!" akatangaza. "Twende chini. Huko ndiko itakakoumbuka."

Kuncho, jirani wa ghorofa ya chini, mtu asiyeinua kitu kama hakijamwangukia, alisikia hotuba kwenye ngazi akatoka na ndala zake.

"Kuna nini, kaka Minko? Vita?"

"Hukumu," akajibu shujaa. "Njoo uwe shahidi."

Wakaingia stoo watatu. Minko, kwa dharau ya mfalme, akainyoosha tochi mbele kama upanga asiouamini, akaibonyeza. Lo! Giza la miezi saba likakimbia hadi ukutani. Akaelekea pipa la tatu, pipa la jasho lake, na mwanga ukatua juu ya mfuniko. Pale paliandikwa kwa rangi nyekundu, herufi kubwa: KUNCHO.

Akamulika pipa la nne. Lile lilikuwa na muhuri wake mwenyewe. Tsvetana akafunua mfuniko, na ndani kuvu jeupe lilikuwa limejitandaza kama ngozi ya kondoo.

"Tochi inadanganya," akasema Minko polepole. "Mwanga wake una ubluu. Unapotosha herufi."

"Basi inusie," akasema Tsvetana.

Kuncho akajikuna. "Ngoja. Siku ya Mtakatifu Mina nilisogeza mapipa nitoe baiskeli. Siku kumi na moja sasa."

"Na maji ya chumvi, wewe humimina lini?"

"Mimi? Simimini kabisa! Jana nimeonja, tamu ajabu. Nikadhani marehemu mama ananiombea."

Tsvetana alicheka hadi akashika ukuta. Minko hakucheka. Alikuwa akiwaona wakwe wa Ruse wakifunua majani, wakitazamana.

"Usijali, kaka," akasema Kuncho. "Tutaengua kuvu, za chini zitapona. Na nusu ya pipa langu chukua, jasho ni lako. Ila useme wazi, hapa, mbele ya mkeo, nani aliyeona na nani aliyepapasa."

Bomba likadondosha tone. Ndipo Jicho Lisilodanganyika likapigana vita vyake vikubwa kuliko vyote, ndani ya kifua, likashinda. Akatoa muhuri mfukoni, akaupulizia pumzi, akaugonga kwenye kadi ya dukani iliyofungiwa tochi, aliyokuja nayo mfukoni, kwa kishindo kilichoamsha panya. Na siku hiyo na ihesabiwe katika tarehe za Vratsa. Kisha akaweka kiganja juu ya mfuniko wa pipa lenye kuvu.

"Mimi Minko Tsenov, mkaguzi, naahidi mbele yenu wawili na mbele ya Mungu. Mikono yangu haina macho. Tochi imepita, daraja la kwanza. Kuanzia leo itakaa mfukoni mwa Tsvetana. Yeye atatangulia ngazi akimulika, na mimi nitafuata nyuma yake na ndoo."