Piza Juu ya Chanja la Dagaa

Habari iliyowasha kijiwe Jumamosi ile haikutoka redioni. Ilitoka kwenye simu ya mzee Pastory, na kwa kuwa macho yake hayapatani na herufi ndogo, niliisoma mimi kwa sauti. Kijiwe chetu cha kahawa, hapo karibu na mwalo wa Ujiji wanakoshushia samaki, kilinyamaza kama wakati wa matangazo ya vifo.

"Baba shikamoo. Tumelala Tabora, saa tisa tutakuwa Kigoma. Dainess siku hizi hataki chakula kingine, ni piza tu. Akigoma kula kama mwaka jana, Jumatatu tunarudi."

Aliyeandika ni Frida, binti yake. Dainess ni mjukuu, ana miaka sita. Mwaka jana aliletwa kukaa wiki tatu, akakaa siku tatu. Alipowekewa dagaa alilia kwamba wana macho na wanamwangalia. Tangu hapo mzee Pastory, ambaye sisi humwita Babu Chanja kwa sababu hakuna mwenye chanja refu la kuanikia dagaa kama lake, huzitaja siku zile tatu kama mtu anayetaja mavuno yaliyolowa.

Badala ya kumpa pole, kijiwe kiligombana kuhusu piza. Adolf, ambaye tunamwita Redio kwa kuwa hana kitufe cha kuzimia, alishikilia kwamba piza ni chapati iliyokwenda shule. Mzee Eliakimu, mwalimu mstaafu tunayemwita Kamusi, akasema hapana, ni mkate uliokanyagwa kabla haujaiva. Redio akamuuliza ni nani aliyewahi kumlilia mama yake kwa ajili ya mkate uliokanyagwa. Wakafika mpaka kwa Warumi. Bi Honorata, mwenye kahawa yake, ndiye aliyewarudisha nchini.

"Basi limeshatoka Tabora," alisema, "nyinyi bado mko kwenye tafsiri."

Tanuri hatuna. Lakini Frida, ambaye anamjua baba yake, alikuwa ameongeza maelezo: si lazima tanuri, kanda unga wa ngano na hamira, uache uumuke, tandaza juu ya wavu, upande mmoja ukishika geuza, kisha weka nyanya na jibini. Babu Chanja aliniomba nirudie hapo kwenye wavu. Nikarudia. Uso ukamchanua.

"Mbona hiyo ndiyo kazi yangu," alisema. "Kutandaza juu ya wavu na kugeuza. Miaka arobaini pale mwaloni nimekuwa nikifanya nini?"

Hakuna aliyemsahihisha, na nakiri kwamba nilikuwepo, na cheti changu cha chuo kikuu kilikuwa nyumbani kabatini. Kwetu wavu ni wa kuvulia, au ni ule wa waya uliopigiliwa juu ya chanja. Kile cha kuchomea samaki, ambacho Bi Honorata anacho juu ya jiko lake la pipa, tunakiita chuma basi. Kamusi hata aliongeza kwamba Italia ina jua kali, ndiyo maana.

Kazi zikagawanywa. Redio akapanda bodaboda kwenda Gungu kutafuta jibini. Mimi na Bi Honorata tukakanda. Kamusi akasimamia ukandaji bila kulowesha kidole. Babu Chanja alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, sinia la dagaa wakavu mapajani, akawa anawakata vichwa mmoja mmoja. Redio aliporudi na kipande cha jibini chenye ukubwa wa sabuni ya kuogea, alisimama akimtazama.

"Mzee, hao walishakufa. Unawaua mara ya pili kwa kosa gani?"

"Nawaondoa macho."

"Wote?"

"Sijui atakula wa upande gani."

Redio aliweka kile kipande pembeni. Akavuta kigoda, akachota dagaa konzi moja, akaanza kukata na yeye.

Saa sita tuliutandaza ule unga juu ya chanja, ukaenea kama meza ya karata. Babu Chanja akasimama pembeni kufukuza kunguru. Jua lilikuwa utosini, na hamira haijui kupumzika. Unga ukaumuka, ukavimba, kisha ukakumbuka kwamba chini yake kuna matundu. Ukaanza kushuka. Baada ya muda, chini ya chanja vilining'inia vidole vyeupe visivyo na idadi, na mbuzi wa jirani alikuwa amekaa chini yake akingoja kwa adabu.

Bi Veneranda wa nyumba ya pili alipita na kapu lake, akasimama, akasalimia kwa Kiha.

"Mwakeye, Pastory. Hao ni samaki gani?"

"Ni piza."

"Wanavuliwa wapi?"

Kabla hajajibiwa, Bi Honorata aliuliza swali lake dogo: moto tunauwasha saa ngapi? Kamusi akalitazama jua kama anayeliomba ushahidi. Bi Honorata hakungoja. Alikwenda jikoni kwake, akarudi na kile chuma cha kuchomea, akakiinua juu ili kila mmoja akione.

"Wavu ni huu, wazee wangu."

Kamusi alisema neno wavu lina maana nyingi, na yeye alikuwa akisubiri tu kuulizwa.

Ilikuwa inaelekea saa nane. Tulijaribu kuubandua ule unga, ukang'ang'ania waya. Redio akavuta kwa upole, akabaki na glavu ya unga. Unga mwingine hatukuwa nao, na muda ndio kabisa. Babu Chanja aliliangalia chanja lake. Waya ule aliupigilia mwezi uliopita tu, mpya kabisa, kwa ajili ya msimu. Akaingia ndani, akatoka na koleo, akaanza kuukata.

"Pastory, unaharibu wavu mzima," Kamusi alisema.

"Wavu nitaushona. Jumatatu siwezi kuishona."

Tuliibeba piza pamoja na waya wake watu wanne, kama machela, mpaka kwenye jiko la pipa. Tukaipangia nyanya, vitunguu, jibini na wale dagaa wasio na vichwa, tukaifunika kwa bati lenye makaa juu, kama mama zetu wanavyooka mikate. Vile vidole vya chini vikashika rangi kwanza. Harufu ilipotoka, hata mbuzi alihama upande.

Babu Chanja akaenda kuoga. Hilo ndilo lilikuwa kosa.

Kamusi alianza kwa kusema mtoto wa watu hapewi kitu ambacho wakubwa hawajakihakiki. Bi Honorata akamkumbusha kwamba sumu haionjwi. Kamusi akajibu kuwa bado haijathibitishwa kama ni sumu, na njia ya kuthibitisha ni moja. Akachukua kona. Redio akasema kona haiwakilishi piza nzima, akachukua katikati. Mimi nilichukua kipande kwa uchungu, kisha cha pili ili kuhakikisha kile cha kwanza. Bi Honorata alitulaani sote, ingawa hakusikika vizuri kwa kuwa alikuwa anatafuna.

Babu Chanja alitoka amevaa shati lake jeupe la kanisani. Alikuta waya tu. Na papo hapo bajaji ikapiga honi.

Kamusi alikumbuka kikao. Redio alikumbuka msiba huko Rusimbi, ila hakukumbuka nani amekufa. Bi Honorata aliinamia birika lake kama alikuwa hajawahi kuliona. Mimi nilibaki kwa aibu, na kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa.

Frida alishuka, akampigia baba yake magoti. Dainess akauona moshi.

"Babu, piza iko wapi?"

Babu Chanja hajui kusema uongo. Alinyoosha kidole kuelekea migongo iliyokuwa ikikata kona. "Wameila wale wazee," alisema.

Mtoto aliwatazama wakienda. Kisha akachuchumaa mbele ya ule waya, ambao matundu yake bado yalikuwa yamebana vidole vya mkate vilivyokauka. Akachomoa kimoja, akatafuna. Akachomoa kingine, akakwangua na jibini iliyogandia. Mama yake alitaka kusema habari ya kunawa mikono, akaacha. Babu Chanja naye akachuchumaa na shati lake jeupe, akawa anamshikia waya usiteleze.

Dainess alipofika katikati ya waya, alimvuta babu sikio ili amnong'oneze. Lakini mtu wa miaka sita hajui kunong'ona, kwa hiyo hata Kamusi, aliyekuwa ameshafika kwenye kona, alisimama.

"Babu, kesho tukipika, na Jumatatu, na Jumanne, wale tusiwaambie."